Nilizunguka shule tatu Kisauni, Mombasa, nikaishia kusoma madaftari

Mwanangu yuko gredi ya 6, na kila nikikaa barazani jioni swali ni lile lile: mwakani utampeleka wapi? Tangu Januari 2023, gredi ya 7 hadi ya 9 zinasomewa ndani ya ua wa shule za msingi, kwa hivyo sina haja ya kumvusha daraja la Nyali kutafuta sekondari. Nina shule tatu za umma za kutembea kwa mguu. Kazi ni kuzipambanua.

Jirani zangu hupima kwa lango na rangi ya ukuta. Wengine huuliza alama, na hapo ndipo tunapogombana. KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6, ina asilimia 20 tu ya alama za mwisho. Tathmini za gredi ya 7 na 8 zina 20 nyingine, na KJSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 9, inabeba 60. Hiyo KJSEA yenyewe imefanywa mara ya kwanza 2025! Shule gani hapo ina historia ya kujisifia?

Mimi niliomba kuona madaftari.

Kwenye shule ya lango zuri, mtoto wa jirani alinifungulia daftari lake la Sayansi Jumuishi. Kachora kichomeo cha gesi kwa rula, na tundu la hewa, na moto wa buluu kwa kalamu ya rangi. Nikamuuliza kinawashwa vipi, akacheka. Hajapata kukiona. Kilichorwa ubaoni, wakanakili. Chumba kilichoandikwa "Maabara" mlangoni kimejaa madawati mabovu.

Shule ya pili haina ua wa maana, mbuzi wanakatiza uwanjani. Lakini mwalimu wa sayansi, kijana mwanagenzi, aliwatuma watoto wakateka maji ya bahari, wakayachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la makaa mpaka ikabaki chumvi. Daftari lina tarehe, uzito wa ile chumvi uliopimwa kwa mizani ya dukani, na wino mwekundu wa mwalimu: "Mbona yenu ni kidogo kuliko ya kundi la pili?"

Na mgao wa serikali ni ule ule kwa shule zote, Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa JSS (hizo gredi za 7 hadi 9) kwa mwaka.

Ya tatu ndiyo anayosoma sasa. Gredi ya 7 wamebanana wanne wanne kwenye dawati la watatu. Sina zaidi.

Kinachoninyima usingizi ni huyo kijana. Mwanagenzi wa JSS analipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mkataba una mwisho. Hatujasahau mgomo wao wa 2024, watoto wakishinda darasani bila mtu. Nilimuuliza kama Januari nitamkuta.

"Inshallah, mama," akasema, huku akifuta ubao. "Nikipata barua."