Sanduku la Zabuni Lisilale Ofisini

Ijumaa ile nilitumbukiza bahasha yangu dakika chache kabla ya saa nane mchana. Halmashauri ilikuwa inauza viwanja vya biashara kwa zabuni, nami nilikitaka kimoja cha kona, mita za mraba 600. Niliandika shilingi 12,000 kwa mita. Tangazo lilisema bahasha zitafunguliwa saa nane na nusu mbele ya waombaji, basi tukakaa kwenye mabenchi tukisubiri. Saa tisa na robo akaja mhudumu: kamati ina kikao kingine, rudini Jumatatu. Sanduku likabebwa kwenda ofisini. Kufuli lilikuwepo, lakiri haikuwepo.

Jumatatu, aliyepata kile kiwanja cha kona alikuwa ameandika 12,050.

Simtuhumu mtu, sikuona kitu. Lakini kiwanja cha zaidi ya milioni saba kimenipita kwa shilingi 30,000, na siku tatu sanduku lilikuwa mahali ambapo sisi hatuwezi kufika. Hata kama maofisa wote pale ni waaminifu, nitajuaje? Saa ya kufunga zabuni na saa ya kufungua zifuatane, siku hiyohiyo. Kila jina na kila bei visomwe kwa sauti, kisha orodha ibandikwe ubaoni kabla watu hawajatawanyika.

Tangazo nalo lilikaa ubaoni siku nne tu, wakati madalali wa mjini walishakuwa na mchoro wa kitalu kizima mkononi. Mtu wa kijijini anayeuza mpunga ili apate hela ya kiwanja atashindana nao vipi?

Sheria ya Ardhi ya 1999 iko wazi: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Anayepeleka zabuni haendi kuomba hisani ya afisa ardhi. Serikali imeshahamishia manunuzi yake kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST tangu 2023. Kama zabuni ya kununua madawati inapita kwenye kompyuta, sioni kwa nini zabuni ya kiwanja ibaki kwenye sanduku la mbao.

Kitalu kingine kinauzwa mwezi ujao. Waombaji kumi na mmoja tumeshamwandikia mkurugenzi barua: lakiri ipigwe mbele yetu, na hatutaondoka ukumbini mpaka bahasha ya mwisho isomwe.