Kukimbia Kulinipunguza Mwili, Kitambi Kikabaki

Kwa miezi 4 nilikimbia kila asubuhi. Mizani ikashuka kilo 6 na kila aliyeniona alinipongeza. Halafu siku moja nikavua shati mbele ya kioo, nikajitazama vizuri. Mabega yalikuwa yamesinyaa, mikono imekuwa myembamba, mapaja yameisha, na tumbo limekaa palepale juu ya mkanda. Ndoo ya maji niliyozoea kuibeba kwa mkono mmoja nilikuwa sasa naitua mara mbili njiani.

Naandika haya kwa sababu naona wengi wakipita njia hiyohiyo, na inaniuma. Mtu akisema anataka kuondoa kitambi, la kwanza analoambiwa ni akimbie. Vyuma anaambiwa awaachie wanaotaka kutunisha misuli, na wanawake hutishwa kwamba watakuwa na miili ya kiume.

Mwili ukikosa nishati ya kutosha kutoka kwenye chakula, hauchomi mafuta peke yake. Hutafuna na misuli, hasa ile isiyopewa kazi nzito. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima wenye uzito uliozidi waliofanya mazoezi kwa miezi 8. Waliofanya kadio tu, yaani mazoezi ya kuhema kama kukimbia, walipunguza mafuta kuliko walionyanyua vyuma tu. Walionyanyua vyuma waliongeza misuli. Waliochanganya walipata yote mawili, ingawa iliwachukua muda maradufu.

Kwa hiyo kadio siidharau hata kidogo. Mafuta ya tumbo yenye madhara zaidi hayashikiki kwa vidole. Yamejificha ndani, yakizunguka ini na utumbo, na yanahusiana na kisukari na maradhi ya moyo. Mazoezi ya kuhema huyapunguza vizuri. Ninachokipinga ni kupiga sitapu 200 kwa siku kwa matumaini ya kuyeyusha kitambi. Zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta, lakini hakuna anayeuchagulia mwili pa kuanzia kupunguza. Na kujifunga nailoni tumboni kunatoa maji tu, ukinywa yanarudi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Watu hukumbuka hizo dakika, siku 2 zinasahaulika. Mimi nimeanzia huko kunakosahaulika: siku 3 za vyuma nimezipanga kwanza na sizibadilishi, kadio inajaza zilizobaki. Natembea kwa haraka dakika 40, mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba, na siku moja katika wiki nakimbia kwa kasi. Vikikutana siku moja, vyuma vinatangulia. Kuchuchumaa na mzigo huku miguu imeshachoka ni kuutafutia mgongo matatizo.

Usiye na vyuma, chukua begi ulijaze vitabu. Nilianza hivyo. Nalikumbatia kifuani, nashuka taratibu nikihesabu hadi 3, visigino vikiwa vimekanyaga sakafu, mpaka mapaja yalale sambamba nayo, kisha nainuka. Mara 10, mizunguko 3. Siku nilipoweza kufika 15 bila taabu niliongeza kitabu, kwa sababu mzigo usipoongezeka misuli nayo haioni haja ya kuongezeka.

Chakula nacho kina neno lake: hakuna mazoezi yatakayoshinda sahani iliyofurika kila siku. Na mwenye maradhi ya moyo au presha amwone daktari kwanza.

Mizani nimeiweka kando. Natumia futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikishatoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamume hatari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94, kwa mwanamke 80. Mimi nilianza na 101. Leo, baada ya miezi 5 ya mpango huu, mizani imeshuka kilo 1 tu, futi inasoma 95, na ile ndoo naifikisha bila kuitua.