Wimbi Lile Halikutoka kwa Mkono Mmoja

Majuzi nimeliona tena lile wimbi la Hokusai, picha mashuhuri ya Kijapani ya wimbi kubwa mbele ya Mlima Fuji iliyopigwa chapa kwa vibao vya mbao, kwenye bango dukani, na chini yake pameandikwa kwamba msanii huyo alilichora na kulipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Maelezo ya namna hii yananikera sana, kwa sababu yanawafuta mafundi ambao bila kazi yao wimbi hilo lisingetufikia.

Katsushika Hokusai alizaliwa mwaka 1760 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, akafariki mwaka 1849. Yapata mwaka 1831 alilichora wimbi hilo kwa ajili ya mfululizo wa mandhari 36 za Mlima Fuji, ambazo baadaye zilifika 46. Mchoro wenyewe haupo. Mchongaji aliibandika karatasi kifudifudi juu ya kibao cha mti wa cheri, akaichonga pamoja na mbao hadi ikabaki mistari peke yake imeinuka, na karatasi ikaangamia katika kazi hiyo. Kwa hiyo kila ncha ya povu tunayoistaajabia ilipita kwenye kisu cha mtu mwingine. Vikachongwa vibao vya rangi, kila kimoja kikiwa na alama pembeni ili karatasi ilale palepale kila inapopigwa chapa, kisha mpiga chapa akapaka rangi kwa brashi na kuusugua mgongo wa karatasi kwa kisugulio kilichofunikwa ganda la mwanzi. Kiza kile kilichouzunguka mlima, kinachofifia kadiri anga linavyopanda, kilitoka kwake: ndiye aliyeipunguza rangi juu ya kibao kabla ya kuilaza karatasi. Ndiyo maana nakala tatu zilizomo British Museum hazilingani.

Ninakubali kwamba bila jicho la Hokusai kusingekuwa na cha kuchonga, na kwamba mchapishaji Nishimuraya Yohachi ndiye aliyebeba gharama. Hata hivyo, Hokusai mwenyewe hakuwadharau wachongaji. Alijifunza kuchonga vibao akiwa kijana, kabla ya kuingia kwa mwalimu wake Katsukawa Shunsho, na alipokuwa mzee aliwaandikia wachapishaji akitaka kazi yake apewe mchongaji Egawa Tomekichi, huku akilalamika kwamba wachongaji wengine waligeuza macho na pua alizozichora. Mtu anayegombania pua kiasi hicho anajua vyema kwamba picha yake imo mikononi mwa mwenzake. (Binti yake Oi, mchoraji hodari aliyeishi naye na kumsaidia uzeeni, naye husahauliwa vivyo hivyo, na hilo linastahili makala yake.)

Wapo wanaosema kwamba kumtaja mchongaji ni kuwachosha watazamaji. Siamini. Juzuu ya kwanza ya kitabu cha Hokusai cha mandhari 100 za Mlima Fuji, iliyotoka mwaka 1834, inalo jina la Egawa, na hakuna msomaji aliyepungukiwa na chochote kwa kulisoma. Chapa za wimbi hazina jina la aliyezichonga wala la aliyezipiga, na ukimya huo ndio unaotutaka tuwe waangalifu zaidi. Ninawaomba wanaoliuza na wanaolionyesha waandike chini ya jina la Hokusai kwamba lilichongwa na kupigwa chapa na mafundi ambao hawakutajwa. Hiyo ni mistari miwili tu, na nafasi yake ipo kwenye kila bango.