Worms si mji wa Luther peke yake

Kwa Walutheri wengi wa Tanzania, Worms, mji wa Ujerumani, ni mji wa siku mbili: tarehe 17 na 18 Aprili 1521, Martin Luther aliposimama mbele ya Kaisari Karl V akakataa kuyakana maandiko yake. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Ni kisa cha ujasiri mkubwa, lakini kikisimuliwa peke yake kinauonea mji ule wa kando ya mto Rhine.

Mimi ningeanza na mwaka 1074. Mfalme Heinrich IV wa Ujerumani alikuwa ameachwa na wakubwa wengi wa nchi, ila watu wa Worms walimfukuza askofu wao na kumfungulia mfalme malango. Akawalipa kwa kuwasamehe ushuru wa forodha, na hati yake inawataja wanaopewa haki hiyo: Wayahudi na watu wengine wa Worms. Wayahudi ndio wametangulia kutajwa! Ni katika njia hiyo mji ulikuja kuwa mji huru wa dola, usio na bwana mwingine juu yake ila kaisari.

Sinagogi la Wayahudi wa Worms lilijengwa mwaka 1034. Rashi, mfafanuzi mkuu wa Biblia na Talmudi (mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi), alisoma Worms ujanani. Mwaka 1096 watu wa Vita vya Msalaba waliwaua mamia ya Wayahudi wa mji huo. Waliosalia wakaanza upya.

Kinachonigusa kuliko vyote ni makaburi yao, Heiliger Sand, yenye mawe ya tangu karne ya 11. Humo amelala Rabi Meir wa Rothenburg, aliyefia kifungoni mwaka 1293. Inasimuliwa kwamba alikataa kukombolewa kwa fedha, asije akawafungulia watawala mlango wa kuwateka marabi wengine. Hata maiti yake ilizuiwa miaka 14, mpaka Myahudi mmoja, Alexander Wimpfen, alipoilipia mwaka 1307, akiomba jambo moja tu: akifa, naye azikwe kando ya rabi huyo. Makaburi hayo mawili yapo bega kwa bega hadi leo.

Sisi Walutheri tuna deni hapa. Mwaka 1543 Luther yuleyule aliandika akitaka masinagogi yachomwe. Lile la Worms lilichomwa na Wanazi mwaka 1938, likajengwa tena kufikia 1961, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza urithi wa Kiyahudi wa Speyer, Worms na Mainz katika Urithi wa Dunia.

Nawaomba wanaoongoza vikundi vya makanisa yetu huko Ujerumani wapange ziara upya. Kabla ya kupiga picha kwenye sanamu ya Luther ya mwaka 1868, wapeleke watu Heiliger Sand, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kanisa kuu. Wasiende Jumamosi, maana ni Sabato. Wanaume wafunike vichwa, na wote wapewe muda wa kutosha: mawe yamezidi 2,000.