Nani kamwambukiza nani?

Januari 2024, macho mekundu yalipotamba Dar es Salaam, kwenye daladala za Mbagala kila aliyevaa miwani myeusi alishukiwa. "Usije ukatuambukiza!" Wapo walioamini kutazamana tu kunatosha. Wapi! Ugonjwa ule hupitia mikononi na kwenye mataulo tunayochangia. Mimi lakini nilinaswa na neno lenyewe.

Kuambukiza ni kitenzi chenye lawama tumboni. Kinadai mtenda na mtendwa: huyu kamwambukiza yule. Kwa kifua kikuu, sawa. Kwa malaria mbebaji ni mbu, na kipindupindu mara nyingi huja na maji machafu, ila bado tunamtafuta jirani wa kumnyooshea kidole. Ndiyo maana napenda wahudumu wa afya wanaposema "amepata maambukizi". Habari imefika na hakuna aliyeshtakiwa.

Wapo wanaotaka neno hili libaki hospitali. Tabia haiambukizi, wanasema, inaigwa. Hoja yao ina uzito. Mzazi wa Kinondoni akilalamika kwamba mwanawe "kaambukizwa" bangi na vijana wa kijiweni, neno lililomhukumu mgonjwa wa daladala sasa linamsafisha mtoto, kana kwamba hakunyoosha mkono kupokea msokoto.

Hata hivyo siendi nao mpaka mwisho, kwa sababu ya Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana huko karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka. Kicheko kikawapata 95 kati ya 159, Machi shule ikafungwa, nacho kikawafuata hadi vijijini kwao. Madaktari walitafuta kirusi, sumu, wasikione kitu. Utasema wasichana wale waliigana? Walishindwa kujizuia! Ukisema kicheko "kilienea" unakosa jambo kubwa, kwamba kilitoka kwa mtu kikaingia kwa mtu.

Kwangu basi mpaka haupiti kati ya kijidudu na tabia. Unapita kwa mpokeaji: alichagua au hakuchagua? Miayo imo. Bangi haimo. Na pale Kariakoo, machinga mmoja anapopiga kelele "Mgambo!" na mtaa mzima ukabeba bidhaa na kutimka bila kumwona mgambo hata mmoja, hofu imeambukiza kwelikweli, na wakishatulia hakuna anayeuliza nani kaanza.