Handaki la Zamani Lisisawazishwe

Mama alipokuja kunitembelea London, nilimpeleka kituo cha treni cha Wapping kabla sijampeleka kwingine kokote. Tulishuka ngazi hadi kwenye jukwaa jembamba, tukatembea mpaka mwisho wake wa kusini, nikamwonyesha matao mawili ya matofali yaliyokaa ubavu kwa ubavu, kila moja lina umbo la kiatu cha farasi. Treni ikachomoza kutoka katika moja.

"Na huo mto uko wapi?" akaniuliza.

"Uko hapo mbele, mama. Juu ya hayo matao."

Akanishika mkono. "Mwanangu, na humo ndimo mnamopita kila siku?"

Ndimo tunamopita. Handaki hilo la mto Thames, kati ya Wapping na Rotherhithe, lilianza kuchimbwa mwaka 1825 na likafunguliwa tarehe 25 Machi 1843. Lilikuwa la kwanza duniani kukamilishwa chini ya mto unaopitisha meli. Lina urefu wa mita 396, na limejaa mambo ambayo mhandisi wa leo asingeyachora: limekaa juu mno, karibu na maji, ni pana na refu kwenda juu kuliko mahitaji ya waenda kwa miguu waliolitumia mwanzoni, na ukuta unaotenganisha njia zake mbili umetobolewa matao madogo zaidi ya 60. Wengi huyaita hayo kasoro. Mimi naona ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa na wale waliolichimba, na nachukia kila ninaposikia pendekezo la kufunika kuta za mahandaki ya aina hii ili yapendeze.

Marc Brunel, mhandisi wa handaki hili, Mfaransa aliyehamia Uingereza, alipata wazo lake kwa kumtazama mdudu anayetoboa mbao za meli. Sisi tuliokulia pwani tunamjua vizuri. Nilipokuwa mdogo Tanga, maji yakitoka, majahazi yaliegemezwa kwa magogo na mafundi wakapaka deheni chini yake, shahamu iliyochanganywa na chokaa, harufu yake inakufuata hadi nyumbani. Ilikuwa ni kwa ajili ya mdudu huyohuyo. Kwa kweli si mdudu, ni jamaa ya chaza mwenye mwili wa mnyoo. Gamba lake liko kichwani, nalo humkingia anapokwangua mbao. Huku nyuma anaupaka chokaa ukuta wa tundu alilotoboa ili lisimbane. Brunel alipomwona akaelewa jinsi ya kuchimba ndani ya tope: kinga mbele, ukuta nyuma, na katikati kusiwe na nafasi ambayo udongo unaweza kuangukia.

Basi akatengeneza ngao ya chuma yenye vyumba 36, kila chumba mchimbaji mmoja. Mbele ya mchimbaji kulikuwa na mbao zilizobana udongo. Aliondoa ubao mmoja, akachimba kina cha sentimita kama 11, akaurudisha ubao na kuukaza kwa skurubu, akahamia ubao wa pili. Mbao zote zikishasogea, ngao ilisukumwa mbele, kipande kwa kipande, kwa jeki zilizoegemea matofali mapya, na waashi wakajenga papo hapo nyuma yake. Ndiyo maana ukuta ule si mapambo. Kila pete ya matofali ilikuwa ndiyo kiegemeo cha hatua iliyofuata. Mwashi akikosea, ngao nzima ilikosa pa kusukumia.

Kisima cha kushukia kilichimbwa kwa namna ambayo fundi yeyote wa visima vya pete kwetu angeitambua. Upande wa Rotherhithe, Brunel alijenga mnara wa matofali juu ya ardhi, upana wake mita 15, juu ya pete ya chuma. Kisha watu wakachimba ndani yake, chini ya ukingo, na mnara ukazama wenyewe kwa uzito wake, kidogo kidogo kila siku. Fundi wa Tanga anayeshusha pete za zege anafanya kazi ileile, tofauti ni ukubwa tu. Mnara huo bado upo.

Sasa hilo la handaki kukaa juu mno. Brunel aliambiwa na wataalamu wa ardhi kwamba chini zaidi kuna mchanga unaotitia, lakini juu yake kuna tabaka la udongo mfinyanzi, ashike humo. Akashika humo. Tabaka lenyewe halikuwa kamili. Mahali pengine kokoto za mto zilikuwa zimezolewa, yakabaki mashimo yaliyokaribia kufika kwenye paa la ngao. Mei 1827 mto ukaingia. Waliziba tundu kwa kutupa magunia ya udongo mfinyanzi kutoka juu ya maji, wakapiga pampu kwa miezi, wakaendelea. Tarehe 12 Januari 1828 mto ukaingia tena, na safari hii wafanyakazi sita wakafa. Isambard, mwana wa Brunel, alikuwa na miaka 21. Maji yalimbeba hadi kwenye kisima akatolewa hai. Handaki likazibwa kwa ukuta, likakaa miaka saba bila kuguswa.

Hata siku ambazo mto haukuingia, hapakukalika. Thames ya enzi hizo ilikuwa mfereji wa maji taka wa jiji zima. Yaliyovuja ndani yalikuwa uchafu mtupu, gesi zake zilishika moto kwenye taa za wachimbaji, na watu waliugua, wengine wakapoteza kuona. Nayaandika haya kwa sababu mtu akiniambia "ukuta huu umechakaa, tuusawazishe", nataka ajue anausawazisha ukuta wa nani.

Ukubwa wa handaki nao una kisa chake. Lilikusudiwa magari ya farasi. Zilipangwa barabara kubwa za kuzunguka kwa mteremko hadi chini, lakini pesa zikaisha, zikajengwa ngazi. Farasi hashuki ngazi na mkokoteni. Kwa hiyo likafunguliwa kwa waenda kwa miguu, senti moja ya Kiingereza kila mtu, na ndani ya yale matao madogo wachuuzi wakaweka meza zao. Kibiashara lilikuwa hasara. Lakini kimo kile kilichopimwa kwa ajili ya magari ya farasi kikatosha treni: kampuni ya reli ikalinunua mwaka 1865, na treni ya kwanza ikapita Desemba 1869. Treni zangu za kila siku zinapita katika nafasi iliyoachwa kwa farasi ambao hawakufika.

New York kuna kisa cha kinyume. Handaki la Steinway chini ya East River lilianza kuchimbwa mwaka 1892, likasimama baada ya mlipuko uliowaua watu watano, likakamilishwa 1907 kwa ajili ya tramu. Tramu ni ndogo. Mpaka leo treni za njia ya 7 zinazopita humo ni zile nyembamba, na mji unaishi na kipimo kilichokatwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Chini ya mto Hudson, DeWitt Clinton Haskin alianza mwaka 1874 bila ngao, akitegemea hewa iliyoshindiliwa kuzuia tope. Mwaka 1880 hewa ikapenya na watu 20 wakafa. Waliokuja baadaye waliendelea kwa ngao na pete za chuma cha kusubu pale yeye alipoishia na matofali. Katika tundu moja kuna mikono miwili tofauti.

Turudi London, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwaka 1995 waendeshaji wa reli walitaka kulifunga handaki la Brunel na kulipulizia zege ndani kote, kwa sababu lilikuwa linavuja. Sipuuzi uvujaji, ni abiria kila siku, na sitaki mto unifuate. Lakini mpango wa kwanza ungefuta kila kitu: matao, viungo vya matofali, kila alama ya kazi ile. Watu wakapiga kelele. Tarehe 24 Machi 1995, saa chache kabla kazi haijaanza, handaki likatangazwa kuwa urithi unaolindwa na sheria. Mwisho wakakubaliana: sehemu kubwa ikatiwa zege kwa kufuata umbo la zamani, na matao machache upande wa Rotherhithe yakaachwa na matofali yake. Treni zikarudi mwaka 1998.

Wapo wanaosema makubaliano hayo yalichelewesha kazi na kupandisha gharama bure, maana abiria yuko gizani na simu yake, haoni chochote. Siwakubalii hata kidogo. Mwaka 2010, kabla ya njia, iliyokuwa imefungwa tena tangu 2007, kufunguliwa upya, watu waliruhusiwa kutembea ndani kwa miguu. Wangetembea kuangalia nini, kama kuta zote zingekuwa zege tupu? Nami nasema matao yale machache ndiyo kiwango cha chini. Ikija tena siku ya kukarabati, hesabu ianze na kuyaongeza, na kila tofali litakaloguswa lipigwe picha na kupimwa kabla ya kuguswa.

Mama alitaka tuvuke. Tulipanda treni, tukakaa dirishani, nikamwomba aweke uso karibu na kioo na kukinga mwanga kwa viganja. Safari ni fupi mno. Tulipokaribia Rotherhithe akasema, "Nimeona tofali." Kisha akasema tena, taratibu, "Nimeliona."