Balbu za Hajji na Jini la Isha

Jengo lenyewe liko Mbagala, ghorofa moja. Chini fremu tatu, juu anakaa mwenyewe, Hajji, mstaafu asiyependa kelele wala gharama. Fremu ya kwanza ni ya kinyozi, ya kati bucha, ya mwisho dada wa steshenari na mashine yake ya kutoa kopi. Mita za LUKU ni mbili, moja ya fremu zote na moja ya Hajji. Kila mita ina bodi yake, na kila bodi ina RCCB ya miliampu 30, kinga inayokata umeme ukivuja, kile kidude chenye kitufe kilichoandikwa T ambacho wengi hawajawahi kukibonyeza tangu wahamie. Nyaya ni shaba tupu, breka za maana. Anayesema jengo lile liliwekwa umeme wa kuungaunga anamsingizia mzee wa watu.

Ila kila usiku, muda mfupi baada ya swala ya Isha, umeme ulikuwa unakatika. Mtaa mzima unawaka, jengo la Hajji giza. Na giza lenyewe halikuwa na msimamo: leo fremu zote zimezima huku juu wanaangalia taarifa ya habari, kesho juu kiza totoro huku bucha inang'aa, keshokutwa kote kote.

Aliyeumia zaidi ni kinyozi. Mashine ya kunyolea ilikuwa inamfia katikati ya kichwa cha mtu. Kijana mmoja alikuwa anawahi ukweni kupeleka barua ya posa. Upande wa kulia ameshachongwa vizuri, wa kushoto msitu. Nasikia kule ukweni aliomba kukaa pembeni, sikio la kushoto likiutazama ukuta, na wazee wakamsifu kwa haya zake.

Muuza nyama naye alikuwa na kesi isiyokwisha, maana kila mtu alijua mkosaji ni friza lake. Friza ni kubwa, linanguruma, na hakuna mwingine mwenye kitu kinachonguruma. Fundi wa kwanza akabadilisha kidhibiti joto. Wa pili akatoa breka ya ampea 20 akaweka ya 32, na waya ni ule ule wa milimita za mraba 2.5 unaokwenda kwenye soketi moja. Kufanya hivyo ni kuuamuru waya uungue kwanza ndipo breka iamke, na isitoshe breka haikuwa inaanguka hata siku moja. Kilichokuwa kinaanguka ni RCCB. Wa tatu akaliona hilo, akatoa dawa yake: "Kitoeni hiki kidude, unganisheni moja kwa moja, mtapumzika." Hajji akakataa. Si kwa sababu ya usalama. Alikilipia kwa pesa yake.

Kinyozi ndiye aliyegundua habari ya Isha. Akawatangazia wenzake kwamba jengo lina jini, tena jini la swala tano, maana linasubiri watu watoke msikitini. Dada wa steshenari akaanza kufunga mapema.

Nilipoitwa nilianzia pale panapostahili, kwenye mega, kipimo cha kujua kama nyaya zinavuja. Unazima meni swichi, unachomoa friza, mashine ya kopi na kila chenye elektroniki, unatoa balbu, kisha unapeleka volti 500 kati ya nyaya na erthi, waya wa kwenda ardhini. Kipimo kikishuka chini ya megaomu 1 una ugonjwa mahali. Bodi ya chini ilisoma megaomu mia na ushee. Ya juu vilevile. Hakuna waya uliochubuka, hakuna boksi lenye maji, na friza lilipopimwa peke yake halikuwa na hatia yoyote. Muuza nyama aliomba niyarudie maneno hayo kwa sauti, wenzake wasikie.

Hapo ndipo mafundi wengi huanza kuilaumu RCCB yenyewe. Nikabonyeza T, ikaanguka. Nikairudisha, ikakaa. Nzima kabisa. RCCB haijui friza wala jini. Ni konda anayehesabu abiria: waliopanda kwa waya wa moto lazima ndio hao hao washuke kwa nyutro, waya wa kurudia. Hesabu ikipishana, anasimamisha gari, na wala haulizi waliopotea wameshukia wapi. Kwa ile ya 30, sheria yake ni kutoanguka tofauti ikiwa chini ya miliampu 15, na kuwa imeshaanguka ikifika 30. Kwa hiyo kama hakuna umeme unaovujia erthi, na hesabu bado inapishana, basi kuna abiria anapanda gari hili na kurudi kwa gari lingine.

Nikaomba ramani ya umeme. Hajji akaniletea karatasi ya mfuko wa saruji, imekunjwa vizuri, imetunzwa na hati ya kiwanja. Ramani ilikuwa nzuri kwa macho. Kila taa ina alama ya msalaba, kila soketi ina kijisanduku, hadi kitanda cha Hajji kimechorwa na mito miwili. Swichi zimeandikwa mita 1.2 kutoka sakafuni, soketi sentimita 45. Kilichokosekana ni kimoja: taa ipi inakula kwenye breka ipi, ya bodi ipi. Kulichorwa vitu vinakaa wapi, hakukuandikwa vinalishwa na nani. Na pale ngazini palikuwa na msalaba mmoja, swichi mbili, na mstari mmoja uliopinda unaoziunganisha.

Nikamuuliza, "Mzee, hii taa ya ngazini inawaka?"

"Hiyo taa usiniulize, kijana wangu. Balbu za siku hizi ni feki. Unawasha, inapepesa mara moja tu, imeungua."

Akanionyesha ndoo. Ndoo ya lita 10 ya rangi, imejaa balbu za LED za wati 9, zote ziliungua ngazini. Nikachukua moja, nikaifunga kwenye holda ya sebuleni. Ikawaka. Nikachukua ya pili, ikawaka. Ya tatu, ya nne. Hajji alikuwa anazitazama zikiwaka moja moja kwa uchungu wa mtu anayekumbuka bei ya kila moja.

"Sasa mbona ngazini zinaungua?" akauliza. Na kabla sijafungua mdomo, akaenda kunihakikishia. Akabonyeza swichi ya juu.

Ngazi ikapepesa. Chini ikasikika "Aaaah!" ya mtu mzima, ikifuatiwa na sauti ya kinyozi: "Mzeeee! Nipo shingoni hapa!"

Mambo yalikuwa hivi. Taa ya ngazi huwashwa kwa swichi mbili za tuwei, moja chini, moja juu. Waya wa moto unaingia kwenye swichi ya kwanza, nyaya mbili za kupokezana zinaunganisha swichi na swichi, kisha swichi ya pili inatoa moto kwenda kwenye taa. Nyutro inakwenda kwenye taa moja kwa moja. Aliyefunga jengo lile aliona swichi ya chini iko hatua moja kutoka bodi ya fremu, akachukua moto pale. Akapanda juu, akaona taa iko jirani na bodi ya Hajji, akachukua nyutro pale. Taa ikawaka siku ya majaribio, kwa kuwa RCCB zilifungwa baadaye, rangi ilipoisha. Kaokoa mita kadhaa za waya wa 1.5.

Sasa piga hesabu. Wati 9 kwa volti 230 ni miliampu 39, na balbu za LED za bei rahisi huvuta zaidi ya hapo. Miliampu 39 zinatoka kwa moto kwenye bodi ya chini, hazirudi. Konda wa chini anasimamisha gari. Wakati huo huo bodi ya juu inapokea miliampu 39 kwenye nyutro, hazijulikani zilikotoka. Konda wa juu naye anasimamisha. Ni mashindano: atakayewahi kuanguka anakata njia, na mwenzake mara nyingi anapona. Ndiyo maana leo giza lilikuwa chini, kesho juu, na siku wakitoka sare, kote. Na balbu inazimika muda ule ule, Hajji anaamini imeungua, anairudisha swichi alipoikuta huku akisonya, anapanda kwa kupapasa ukuta. Akitoka msikitini, bila shaka. Atapandaje ngazi kabla hajarudi?

Angekuwa ameweka balbu ya wati 3, huenda RCCB zisingesema neno, na hilo ndilo baya zaidi. Fundi angekuja siku moja, akazima meni ya juu, akaigusa nyutro ya juu akidhani imelala, kumbe imebeba moto wa fremu uliopitia kwenye balbu. Kwenye taa ya namna hii unazima bodi zote mbili, unapima kwa tesa, ndipo unashika.

Kosa hili linazuiwa mezani, kabla ya tindo kugusa ukuta. Kwenye ramani ya jengo lenye fremu chini na makazi juu, kila taa na kila soketi iandikwe bodi na namba ya breka: C1, C2 za chini, J1, J2 za juu. Ngazi ni ya mwenye nyumba, basi iandikwe J3: moto J3, nyutro J3, swichi zote mbili J3, hata ile iliyo mlangoni kwa kinyozi. Kati ya swichi mbili za tuwei chora nyaya tatu, si mbili, maana moto au marejeo ya taa yatahitaji kusafiri nazo, na paipu ya milimita 20 inazibeba za 1.5 bila kulalamika mradi kona zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Friza la bucha lipewe njia yake peke yake, waya 2.5, breka 20, tena likipata kinga yake binafsi ni bora, ili nyama isioze kwa sababu ya pasi ya mtu. Taa za fremu 1.5 kwa breka ya 6 au 10. Na kwenye bodi, nyutro ifungwe kwenye baa kwa mpangilio wa breka zake, ivishwe namba.

Nyaya zikishavutwa kuna kipimo cha dakika chache ambacho kingemwokoa yule bwana wa posa. Umeme bado haujaletwa. Funga balbu ya waya wa kizamani ya wati 60, geuza swichi ziwe za kuwasha, pima omu kati ya moto wa breka hiyo na nyutro yake mwenyewe. Ikiwa baridi balbu hiyo husoma omu sitini na kitu. Isiposoma kitu kwenye bodi yake, kapime na nyutro za bodi ya jirani. Ukiipata huko, umeshamjua jini.

Kurekebisha kulihitaji waya mmoja tu: kushusha moto wa Hajji hadi swichi ya chini, na ule wa fremu kuutoa. Nikaingiza waya wa kuvutia kwenye paipu, ukaenda hadi usawa wa slabu, ukagoma. Waliomwaga zege hawakuziba mdomo wa paipu kwa karatasi, na uji wa saruji uliingia ukaganda pamoja na zile nyaya mbili. Hazivutiki, hazisukumiki. Ikabaki trankingi, ule mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya, ya 25 kwa 16, ipande na ukuta wa ngazi.

"Ukuta wangu una rangi mpya," Hajji akasema.

"Weka, fundi," sauti ya mama ikatoka jikoni. "Nimechoka kupapasa."

Ikawekwa.

Usiku ule Hajji akatoka msikitini, akabonyeza swichi ya chini, ngazi ikawaka na ikabaki inawaka. Kinyozi akatoka nje kushangilia na mashine mkononi, nayo inazunguka. Akapanda mzee, akazima kwa swichi ya juu, akawasha tena, akazima, akashuka kuijaribu ya chini.

Muuza nyama pekee ndiye hakufurahi. Alikuwa amesimama mlangoni na kisu, anafikiri.

"Fundi, hebu ngoja. Ule moto wa ngazini ulikuwa unatoka kwenye LUKU yetu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa hiyo mzee alikuwa anatuibia uniti. Tena na friza langu likasingiziwa!"

Nikamkalisha. Balbu ya wati 9, inawaka tuseme sehemu ya kumi ya sekunde kabla haijakatwa: hiyo ni juli 0.9. Uniti moja ni juli 3,600,000. Ili Hajji awaibie uniti moja lazima abonyeze mara milioni nne. Akibonyeza mara kumi kila usiku ni usiku laki nne, yaani miaka elfu moja na tisini na kitu. Na uniti hiyo wangeigawana watu watatu.

Akanyamaza kidogo, akapangusa kisu kwenye aproni.

"Sawa," akasema. "Lakini iandikwe."